LEONHARD EULER: KIPOFU ALIYEITAMBUA NAMBARI KUBWA

Wanaonijua hapa Kitengela watacheka wakiona nimeandika juu ya mwanahesabu, maana somo hilo hunitoa jasho. Kilichonivuta ni babu yangu. Babu ni kipofu. Jioni husimama mlangoni mwa zizi, mbuzi wapite mmoja mmoja chini ya mkono wake. Akikosekana mmoja, humtaja ni yupi. Mimi mwenye macho mawili hukosea!

Leonhard Euler alizaliwa mjini Basel, Uswisi, tarehe 15 Aprili 1707. Baba yake, mchungaji wa kanisa, alitaka mwanawe awe mchungaji pia, lakini mwalimu Johann Bernoulli aliona kipawa chake. Mwaka 1727 Euler akaenda kufanya kazi St Petersburg, Urusi.

Alipenda nambari tasa, yaani zile zisizogawika sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mbuzi 7 huwezi kuwatenga katika makundi yaliyo sawa, labda kila mmoja awe peke yake. Mfaransa Fermat alikuwa amedhani kuwa 4294967297 ni tasa. Mwaka 1732 kijana Euler akaonyesha kuwa ni 641 mara 6700417. Kumbe hata wakubwa hukosea!

Kisha mikosi ikaanza. Kufikia 1738 jicho la kulia lilikuwa limeharibika. Alihamia Berlin 1741, akarudi Urusi 1766. Mwaka 1771 nyumba yake iliteketea, na upasuaji wa jicho la kushoto haukumsaidia kwa muda mrefu. Giza likaingia.

Je, alikaa akilia? Wapi! Alitamka, wanawe na wasaidizi wakaandika. Mwaka 1772 alitangaza kuwa 2147483647 ni tasa. Nambari hiyo huipata ukizidisha 2 thelathini na moja pamoja, kisha utoe 1. Kuihakikisha kwa nguvu tu, ungeigawa kwa kila nambari tasa hadi 46340, nazo ni zaidi ya 4,700. Euler alifikiri kwanza. Akathibitisha kwamba nyingi kati ya hizo haziwezi kamwe kuigawa, zikabaki za kujaribu zisizozidi 372. Kazi ya macho ilipunguzwa na kazi ya kichwa.

Alifariki tarehe 18 Septemba 1783, akiwa ameacha maandishi zaidi ya 800.

Nilipomsimulia babu, aliniuliza kama mzee huyo alikuwa na mbuzi wangapi. Nikamjibu kwamba sijui habari za mbuzi, ila alizaa watoto 13, na 5 tu ndio waliopita utotoni. Babu akanyamaza kitambo, kisha akasema mtu huyo alijua kuhesabu na kupoteza pia.

Wenzangu, zamani nilikuwa nikiona swali refu naliruka. Siku hizi nakaa nalo kwanza, natafuta yale nisiyohitaji kuyajaribu. Akili ni mali.