Mbaruk wa Gazi: Mazrui aliyefia ugenini

RUWAIS, JEDDAH – Watu wa pwani tukikutana hapa Ruwais, salamu zikishaisha huja swali: wewe wa nani? Zamani kule Mombasa, kujibu kuwa wewe ni Mazrui kuliweza kukupa cheo, au kukutia matatani. Mbaruk bin Rashid aliyaonja yote mawili.

Mazrui, ukoo uliotoka Oman, waliitawala Mombasa kwa karibu miaka 100. Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan, wa ukoo wa Busaidi, aliuteka mji. Wakubwa wa Mazrui, akiwemo babake Mbaruk, walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, Uajemi, wasirudi tena. Waliosalia walihamia Takaungu, kaskazini ya Mombasa, na Gazi, kusini.

Mbaruk alipoishika Gazi, aliasi mara kadhaa dhidi ya masultani wa Zanzibar. Akizidiwa, alikimbilia boma lake la Mwele, vilimani, kisha husamehewa na kurudi.

Februari 1895 mkubwa wa Takaungu alifariki. Kampuni ya Kiingereza iliyosimamia pwani ilimtaka mwana wa marehemu arithi. Wengi katika ukoo walimtaka binamu yake, aliyekuwa mkubwa kwa umri, naye pia akiitwa Mbaruk. Vita vikazuka. Mzee wa Gazi mwanzoni alijaribu kukaa kando, lakini mwishowe akasimama na jamaa zake. Kwake, mkubwa wa ukoo huchaguliwa na ukoo wenyewe, si na wageni.

Agosti 1895 Waingereza, wakiongozwa na Admirali Rawson, waliiteka na kuichoma Mwele. Mbaruk aliendelea kupigana msituni hadi wanajeshi walipoletwa kutoka India. Aprili 1896 alivuka mpaka na mamia ya wafuasi wake, akasalimisha silaha kwa Wajerumani. Alipewa posho na kuishi Dar es Salaam hadi kufa kwake mwaka 1910. Gazi hakuirudia tena.

Bunduki zilinyamaza, lakini jina halikufa. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah huko Mombasa, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014 huko Marekani, alirudishwa kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya ukoo wake. Mzee wa Gazi hakuipata bahati hiyo.