André Coyne, bingwa wa mabwawa aliyeshindwa na mwamba

Sisi tunaovuka mto Rusizi kila siku na bidhaa zetu tunawasha taa kwa nguvu ya maji yake. Bwawa la Rusizi ya Pili, lililoanza kazi mwaka 1989, ni la Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja. Basi yafaa tumjue Mfaransa mmoja aliyetumia maisha yake kujenga mabwawa.

André Coyne alizaliwa Paris mwaka 1891, akasomea uhandisi. Mwaka 1935 alimaliza bwawa la Marèges, na hapo akaweka njia ya mafuriko inayorusha maji mbali ili yasichimbe mguu wa ukuta. Kuanzia 1946 hadi 1952 aliongoza chama cha kimataifa cha mabwawa makubwa. Hapa Afrika alichora Kariba, ukuta wa meta 128 kwenye mto Zambezi.

Sifa yake kubwa ilikuwa kuta nyembamba zilizopinda kama upinde, zinazosukumia uzito wa maji kwenye mwamba wa kando mbili. Ukuta wa namna hiyo hauli saruji nyingi, ila unataka mwamba usiotikisika.

Bwawa lake la Malpasset, kusini mwa Ufaransa, lilikamilika mwaka 1954. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1959, mvua kubwa ilipolijaza kwa mara ya kwanza, lilivunjika. Watu 423 walikufa bondeni na katika mji wa Fréjus. Wachunguzi hawakuona kosa katika saruji. Maji yalikuwa yamepenya ndani ya mwamba wa upande wa kushoto, yakakosa pa kutokea, yakausukuma hadi ukateleza. Coyne alifariki Julai 1960.

Tangu hapo wahandisi wanatilia mkazo kutoboa mwamba ili maji yatoke, na kuweka vipimo vya msukumo wake. Kariba nako, maji ya milango ya mafuriko yalichimba shimo la kina cha meta 80 hivi chini ya ukuta. Kazi ya kulitengeneza ilianza mwaka 2017.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini upo ufa usioonekana ukutani, uliojificha mwambani. Tunaoishi kando ya mto tuna haki ya kuuliza: mwamba ulipimwa lini, na nani anasoma vipimo?