Maisha ya Mwandishi: Pramoedya Ananta Toer

Kabla hujaifungua riwaya ya Bumi Manusia, jiulize: mtu aliyenyimwa kalamu na karatasi atatungaje? Jibu limo katika maisha ya mwandishi huyu.

Pramoedya alizaliwa tarehe 6 Februari 1925 mjini Blora, kisiwani Java, Indonesia ilipokuwa koloni la Uholanzi. Baba yake alikuwa mwalimu na mzalendo. Vita vya kupigania uhuru vilipopamba moto, Waholanzi walimfunga kuanzia 1947 hadi 1949. Uhuru ulipopatikana, alifungwa tena mwaka 1960, safari hii na serikali ya nchi yake, kwa kuandika kitabu cha kuwatetea Wachina wa Indonesia.

Kifungo kirefu kilianza Oktoba 1965, jeshi lilipowaandama Wakomunisti na washirika wao. Pramoedya alikuwa mwanachama wa LEKRA, jumuiya ya wasanii iliyofungamana na chama hicho. Alipigwa kwa bunduki hadi uwezo wake wa kusikia ukaharibika, na maktaba yake ikateketezwa. Hakufikishwa mahakamani. Mwaka 1969 alipelekwa kisiwa cha Buru, ambako wafungwa walifyeka msitu na kulima.

Hapa soma polepole. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuandika, aliwasimulia wafungwa wenzake kisa cha Minke, kijana Mjava anayesoma shule ya Kizungu, na Nyai Ontosoroh, mwanamke aliyeuzwa na babake kwa Mholanzi, akajielimisha na kuendesha biashara. Ruhusa ya kuandika ilikuja mwaka 1973. Riwaya zikawa nne.

Zingatia pia lugha. Alizaliwa Mjava, lakini aliandika kwa Kiindonesia. Kijava humlazimu msemaji kuchagua maneno kulingana na cheo cha anayemsemesha. Tafuta sehemu ambapo Minke anamsogelea babake kwa magoti, kisha ujiulize mwandishi anakejeli nini.

Aliachiliwa Desemba 1979. Bumi Manusia ikachapishwa 1980, na mwaka uliofuata ikapigwa marufuku. Yeye mwenyewe alizuiwa kutoka Jakarta kwa miaka mingi.

Hata hivyo, usimgeuze malaika katika insha yako. Kabla ya 1965 aliwashambulia vikali magazetini waandishi waliopingana na LEKRA, na wengi wao hawakusahau. Alipotunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 1995, Mochtar Lubis, mwandishi aliyewahi kufungwa na serikali ya Sukarno, aliirudisha tuzo yake kwa hasira. Mtahini atapendezwa ukizitaja pande zote mbili.

Pramoedya alifariki Jakarta tarehe 30 Aprili 2006. Minke alichorwa kutokana na mwanahabari halisi, Tirto Adhi Soerjo, ambaye Waindonesia wengi walikuwa wamemsahau. Mwaka huohuo wa 2006, serikali ilimtangaza Tirto kuwa shujaa wa taifa.