Carl Jung, daktari wa ndoto aliyefika Elgon

Najua kuna watakaoguna wakiona ukurasa huu wa watu mashuhuri umepewa daktari wa Kizungu. Ngojeni kwanza. Huyu bwana alishuka Mombasa Novemba 1925, akajikongoja na Kiswahili cha kubahatisha, akaitwa mzee kwa sababu ya mvi, na aliyoyasikia kwetu yakaingia katika vitabu vyake. Mojawapo linahusu sura ambayo wengi wetu hapa Doha tunaisoma kila Ijumaa. Tutafika.

Carl Gustav Jung alizaliwa 26 Julai 1875 katika kijiji cha Kesswil, Uswisi, mtoto wa mchungaji. Alisomea udaktari Basel, na mwaka 1900 akaanza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, Zurich. Mwaka 1907 alikutana na Sigmund Freud kule Vienna, wakawa kama baba na mwana. Mwaka 1909 walipanda meli pamoja kwenda Marekani, na njiani kazi yao ilikuwa kusimuliana ndoto na kuzichambua.

Ndoto moja ilianza kuwatenganisha. Jung aliota yumo ndani ya nyumba, na nyumba ni yake. Ghorofa ya juu ina fanicha nzuri. Akashuka, akakuta vitu vya karne za nyuma zaidi. Akashuka tena hadi chumba cha chini ya ardhi, cha enzi za Warumi. Humo akainua jiwe la sakafuni, na chini yake kukawa na pango lenye vigae vya vyungu, mifupa na mafuvu mawili. Freud alikazania mafuvu tu, akitaka kujua ni nani ambaye Jung anamtakia kifo. Jung moyoni hakukubali. Aliona ile nyumba ndiyo nafsi ya binadamu. Juu kuna mambo yangu mimi, lakini chini kabisa kuna pango ambalo si la mtu mmoja, ni la watu wote, na humo ndimo hadithi na picha zinamotoka.

Urafiki ulivunjika mwaka 1913, na hapo ndipo, kwangu mimi, maisha yake yananoga. Mtu ana miaka 38, ana mke, watoto na jina kubwa, halafu anaanza kuona vitu. Oktoba mwaka huo, akiwa safarini, aliona mafuriko yakiifunika Ulaya hadi milima ya Alps, kisha maji yakageuka damu. Akadhani ndiyo anapata wazimu, hadi Vita Kuu ilipolipuka Agosti 1914 na yeye kuanza kuyatazama maono yale kwa jicho jingine. Sasa alifanya nini kujiokoa? Alikumbuka kwamba utotoni alipenda kujenga vijumba vya mawe. Basi kila baada ya chakula cha mchana alikwenda ufukweni mwa ziwa, akaokota mawe, akajenga kijiji kizima na kanisa lake. Daktari mzima! Aliona aibu, lakini mchezo ule ndio uliofungua mlango. Yaliyomjia akayaandika na kuyachora kwa rangi katika kitabu kikubwa chenye jalada jekundu, kazi ya takriban miaka 16, na hakutaka kabisa iitwe sanaa. Dunia haikukiona kitabu hicho mpaka 2009. Nyinyi mnaosoma ubunifu na usanifu, mkiulizwa mawazo hutoka wapi, jibu la Jung ni kwamba mtu hayatengenezi, yeye huyafungulia tu, kisha ndiyo inaanza kazi ngumu ya kuyapa umbo.

Kama pango ni la wote, na sisi tunalo. Ndicho alichokuja kutafuta. Kutoka Nairobi yeye na wenzake walielekea Mlima Elgon, wakapiga kambi kwa Wakony, ambao leo wanahesabiwa miongoni mwa Wasabaot. Alifanya mashauri marefu na wazee, akawauliza ndoto zao. Wapi! Hakuna aliyesema. Mwishowe akaja laibon mmoja mzee, amevaa joho la ngozi za kima. Akaeleza, machozi yakimlengalenga, kwamba zamani malaibon waliota, wakajua kama kuna vita, maradhi au mvua. Tangu Waingereza waje hakuna anayeota tena, kwa kuwa D.C. ndiye anayejua kila kitu. Jung akaondoka na huzuni kwamba mkoloni ameziba kisima chenyewe.

Mimi natoka Trans-Nzoia, mlima ule tunauona nyumbani, na kwetu ndoto husimuliwa asubuhi kabla ya chai, tena si kwa kila mtu. Kwa hiyo machozi ya mzee nayaamini, lakini kwamba watu waliacha kuota, hapana. Miaka 20 tu kabla ya hapo, mwaka 1905, jirani zao Wanandi walimpoteza kiongozi wao Koitalel arap Samoei, aliyepigwa risasi katika mkutano ulioitwa wa amani. Mzee gani mwenye akili angemwaga ndoto zake mbele ya mzungu mgeni, baada ya hayo? Na miaka ya 1940, chini ya mlima huohuo, Elijah Masinde alianzisha Dini ya Msambwa, ambayo serikali ililazimika kuipiga marufuku mwaka 1948. Kisima hakikukauka, watu walikifunika tu.

Tena ndoto Jung aliipata, ila si alikoitafuta. Nyapara wa safari yake, Msomali aliyelelewa katika njia ya kisufi, alimweleza habari za Khidr. Baada ya vita, alisema, alikuwa hana kazi, akaota mwanga mweupe mlangoni, akajua ndiye. Siku chache baadaye akapata kazi Nairobi. Miaka mingi baadaye Jung aliandika juu ya Surat al-Kahf, vijana wa pangoni pamoja na Musa na Khidr, kama habari za mtu anayeingia gizani akatoka amebadilika, na akamtaja nyapara yule. Masheikh watakuwa na lao la kusema, hakuwa mtu wa tafsiri. Lakini angalia: Msomali aliyekuwa akisimamia wapagazi ndiye aliyemfundisha profesa.

Somo hilo halikumwingia lote. Alituona kama utoto wa Ulaya, na aliogopa Afrika ingemmeza. Ndoto yake moja huku, ya kinyozi mweusi wa Marekani akimsokota nywele, aliichukua kama onyo. Frantz Fanon, mwaka 1952, alimjibu kwamba mengi anayoyaita urithi wa nafsi ni chuki na hadithi ambazo jamii imemfundisha mtu. Mimi niko na Fanon katika hili, ingawa yale mawe ya ziwani siwezi kumnyang'anya Jung.

Walirudi kwa kupitia Uganda na mto Nile hadi Misri, 1926. Jung alifariki 6 Juni 1961 nyumbani kwake Küsnacht. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa baada ya kifo, joho la ngozi za kima limo. Jina la mwenye joho halikuandikwa.