Siti binti Saad: neno karibu lisitoke

Mutu akiuliza Siti binti Saad alizaliwa mwaka gani, vitabu vinajibu: karibu na 1880. Wengine wanatosha hata hilo neno karibu, wanabakisha 1880 peke yake, sawa vile mama yake alikuwa na karatasi ya leta mu mikono. Hakuwa nayo. Leo tunaeleza maisha ya huyo mama wa taarabu, na njiani tutaangalia ni miaka gani ya kuamini na ni ipi ya kukadiria tu.

Alizaliwa Fumba, kijiji cha ku kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Baba yake, Saad, alikuwa Munyamwezi wa Tabora. Mama yake alikuwa Muzigua wa upande wa Tanga. Wote wawili walipitia utumwa. Tabora si jina geni kwetu. Njia ya misafara kutoka pwani ilipita pale, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika mpaka Maniema. Kwa njia ile Kiswahili kilifika Kasongo na kikaenea kwetu, na kwa njia ile ile watu walifungwa minyororo wakapelekwa baharini.

Mutoto alipewa jina Mtumwa. Karatasi ya kuzaliwa hakuna, lakini lile jina linasema kitu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe uliondolewa na sheria mu 1897 tu. Mutoto wa kuitwa vile, wa wazazi wa hali ile, inafaa tumuweke mbele ya 1897. Jina halitoi mwaka, linatoa kipindi. Na kwa kuwa alipohamia muji mu 1911 alikuwa tayari mutu muzima, 1880 inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kukosea kwa miaka kadhaa huku ao kule.

Kazi yake ya kwanza haikuwa muziki. Huko kijijini walifinyanga vyungu, naye akavibeba na kuvitembeza muji akiita wanunuzi. Bamama wanaouza kando ya mashimo ya Kamituga na Nyabibwe wanajua kazi hiyo: kama sauti haifiki mbali, mali inarudi nyumbani. Watu walianza kusikia ile sauti mbele ya kuangalia chungu.

Mu 1911 akaacha Fumba, akahamia muji. Kusoma na kuandika hakujua. Akapata mwalimu, Muhsin Ali, mupiga muziki, aliyemufundisha kuimba na kutamka maneno ya Kiarabu. Wakati ule taarabu ilikuwa muziki wa wakubwa. Sultani Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri mu karne ya 19, na mu jumba la kifalme iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya wapishi, wachukuzi na wafua nguo. Jina Mtumwa likabaki nyuma. Watu wakamwita Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Mu 1928 akavuka bahari pamoja na wenzake, wakaenda Bombay, Uhindi, kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV. Hapo ndipo tunakanyaga chini pagumu: kampuni iliandika tarehe, na sahani zilikuwa na namba. Hakuna mwimbaji wa kike wa Afrika Mashariki aliyerekodi sahani za kuuza mbele yake. Zikauzwa kwa maelfu, pwani na bara.

Tupige hesabu kidogo. Kama alizaliwa 1880, alikuwa na miaka 48 siku ile. Kama vitabu vimekosea kwa miaka mitano, alikuwa na 43 ao 53. Kwa vyovyote hakuwa kijana. Leo wengi mu biashara ya muziki wangemwambia apunguze miaka kumi mbele ya kupiga picha. Yeye hakuwa na haja ya kupunguza ao kuongeza, juu sahani ilibeba sauti, haikubeba uso wala miaka.

Aliimba habari za muji kwa watu wasiosoma gazeti. Wimbo wake Kijiti unaeleza kesi ya mwanamuke mugeni aliyeuawa Zanzibar. Mushitakiwa aliponyoka, na bamama waliotoa ushahidi ndio wakaona taabu ya sheria. Mutu asiyejua kuandika aliacha hivyo kumbukumbu ya haki iliyopotea.

Akafa mu Julai 1950, wakati mwandishi Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuonana naye. Ni huyo aliyeandika maisha yake, na kitabu kikatoka baada ya kifo. Kwa hiyo miaka ya kushika ni 1928 na 1950. Ya mbele yake ni kumbukumbu za watu. Zina bei yake, lakini si karatasi.

Mwaka usioandikwa unaweza kufika mbali. Fatuma binti Baraka, tunayemujua kama Bi Kidude, alijifunza kuimba kwa kumusikiliza Siti. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, magazeti yalimupa miaka 102, mengine 103, mengine 113. Ushahidi uliorudiliwa sana ni kwamba alizaliwa wakati wa rupia. Lakini rupia ilitumika Zanzibar mpaka mwisho wa 1935! Rupia peke yake haiwezi kumupa mutu miaka mia. Alikuwa muzee kweli, hakuna wa kubisha. Lakini kila mutu aliyeuza tikiti ya tamasha alipenda namba kubwa zaidi, juu namba kubwa inavuta watu.

Kwa mwimbaji, mwaka wa kubahatisha unauza tikiti. Kwetu wachimbaji unaumiza. Karte ya muchimbaji ni ya mutu muzima, wa miaka 18 kwenda juu. Mutoto wa 14 anaposemwa ni wa 18, karatasi itasema ukweli wa leta, lakini kifua chake na mugongo wake vitasema ukweli mwingine kule chini ya shimo. Na muzee aliyechimba tangu wakati wa Sominki, karatasi moja ikimupa mwaka huu na nyingine mwaka mwingine, anazunguka mu biro akitafuta pansio, na nguvu ya kuzunguka imekwisha.

Hapa Muhumba, na kila upande wa Bukavu, karatasi za wazee wengi zinaandika né vers, kiisha mwaka. Lile vers ni karibu yetu. Wengine wanalionea haya. Sisi tunaona ni neno la ukweli: linaonyesha ni wapi tunajua na ni wapi tunakadiria. Uongo unaanza siku mutu analitosha, sawa vile walivyolitosha ku 1880 ya Siti.

Kwa watoto wanaozaliwa sasa, hakuna sababu ya kuandika vers. Sheria inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mutoto kwa leta. Zikipita, ni lazima kupitia tribunali kutafuta hukumu ya kujaza pengo, na hiyo inakula siku na franka. Papa anayeshuka shimoni asingoje kurudi. Mama anaweza kwenda kumwandikisha.

Siti alizaliwa kwa watu waliohesabiwa kama mali, na mali haina siku ya kuzaliwa. Ni hivyo ile karibu ilivyoingia mu maisha yake. Watoto wetu hawana deni hilo.