Barack Hussein Obama wa Kogelo: Muhula wa Kwanza Ugenini na Gharama Yake

Utangulizi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vijana wengi huyaaga makwao katika mitaa ya Kisumu kama vile Migosi, Manyatta na Nyalenda, na katika vijiji vilivyolizunguka Ziwa Viktoria, wakaelekea vyuoni. Wengine huenda Maseno tu, mwendo mfupi kwa matatu. Wengine huvuka mipaka ya nchi. Umbali hutofautiana lakini mtihani unaowakabili ni mmoja: kujifunza kuishi mahali ambapo hapana mzazi wa kuwaamsha, ambapo fedha hazitoshi, na ambapo mtu huulizwa yeye ni nani kabla hajaulizwa anajua nini. Makala haya yanasimulia maisha ya mwana mmoja wa eneo hili aliyeukabili mtihani huo mwaka 1959, naye ni Barack Hussein Obama, mzazi wa rais wa 44 wa Marekani. Jina lake limetajwa mno kwa sababu ya mwanawe. Ni nadra, hata hivyo, kumtazama kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Malezi na Elimu ya Awali

Obama alizaliwa katikati ya miaka ya 1930 huko Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, kusini mwa Ghuba ya Winam. Baba yake, Mzee Hussein Onyango Obama, alikuwa mpishi katika nyumba za Wazungu, na katika Vita vya Pili vya Dunia alihudumu pamoja na jeshi la Waingereza. Alikuwa amesilimu, akajulikana kwa usafi, nidhamu na ukali usiokuwa na mzaha. Mama mzazi, Habiba Akumu, alitengana na mumewe watoto wangali wadogo, na malezi ya Barack yakabaki mikononi mwa Mama Sarah, mke mwingine wa Mzee Onyango. Familia ilikuwa imehamia Nyang'oma Kogelo, katika eneo la Alego ambalo sasa limo katika Kaunti ya Siaya.

Kijana huyo alisoma Ng'iya, kisha mwaka 1950 akajiunga na Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamishenari wa Kianglikana mwaka 1906 na iliyowalea viongozi wengi wa Nyanza, Jaramogi Oginga Odinga akiwa mmoja wao. Masomo hayakumtatiza. Kilichomtatiza ni utiifu. Alikuwa mwepesi wa kuelewa na mwepesi vilevile wa kuchoka na kanuni, na mwaka 1953 akaondoka Maseno bila kupata cheti cha Cambridge. Mzee Onyango alighadhabika, akamtuma Mombasa akajitafutie riziki kwa kazi ya ukarani. Baadaye alihamia Nairobi. Katika kipindi hicho alimwoa Kezia Aoko, na mwaka 1958 wakajaliwa mtoto wao wa kwanza.

Kukosa cheti hakukuwa jambo dogo. Wakati ule Mwafrika wa Afrika Mashariki aliyetaka shahada alitegemea zaidi Chuo cha Makerere, na mlango wa Makerere ulikuwa mwembamba hata kwa waliofuzu vizuri. Karani asiyekuwa na cheti alikuwa amefungiwa nje kabisa. Hata hivyo, Obama alikutana na Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa akiendesha kampeni ya kufuta ujinga nchini Kenya kwa mbinu ya Frank Laubach. Alifanya kazi katika ofisi ya mama huyo, akaandika vijitabu vya Kidholuo vya kuwasomesha watu wazima, vikiwemo vile vya mhusika aitwaye Otieno. Usiku alisoma kwa njia ya posta. Baada ya takriban miaka miwili ya masomo hayo, aliandikia vyuo vingi vya Marekani kuomba nafasi. Chuo Kikuu cha Hawaii kikamkubalia.

Safari ya Honolulu

Wengi huamini kwamba Obama alisafiri katika ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya, iliyowapeleka wanafunzi 81 New York mnamo Septemba 1959. Sivyo. Mboya alikuwa rafiki na mlezi wake wa kisiasa, lakini Obama hakuwa miongoni mwa wale 81. Alisafiri peke yake, akigharimiwa kwa sehemu kubwa na Mooney na wafadhili wengine. Tofauti hiyo ina uzito. Wale 81 walifika Marekani wakiwa kundi, na ijapokuwa walitawanywa katika vyuo mbalimbali, kila mmoja alijua majina ya wenzake na mahali walipo. Obama alifika Honolulu akiwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika katika chuo hicho. Hakuwa na mkongwe wa kumwonyesha njia wala mwenzake wa kuzungumza naye Kidholuo au Kiswahili. Kenya ilipokuwa inaamka Jumatatu asubuhi, Honolulu ilikuwa bado Jumapili jioni, kwa tofauti ya takriban saa 13.

Hawaii yenyewe ilikuwa changa katika hadhi yake. Ilikuwa imetangazwa jimbo la 50 la Marekani tarehe 21 Agosti 1959, wiki chache tu kabla ya masomo kuanza. Hali ya hewa haikumsumbua, tofauti na wenzake waliokwenda kukumbana na theluji bara. Kilichomshangaza ni watu. Alitarajia kuwakuta wenyeji wa visiwa wakiwa katika mavazi yao ya jadi na ngoma zao; akawakuta Wajapani, Wachina, Wafilipino, Wareno, Wahawaii na Wazungu wakichanganyika darasani na mitaani. Kwa mtu aliyetoka katika koloni ambamo rangi iliamua hospitali ya kutibiwa na mtaa wa kulala, hali hiyo ilikuwa somo la kwanza kabla hajafungua kitabu.

Muhula wa Kwanza

Aliishi katika hosteli ya YMCA iliyo jirani na chuo, akajiandikisha kusomea uchumi. Fedha alizokuwa nazo zilikadiriwa kumtosha mihula miwili tu. Baada ya hapo ingembidi apate msaada wa masomo au kibarua. Hivyo basi, muhula wake wa kwanza haukuwa wa kujaribu na kukosea. Alama mbaya zingemnyima ufadhili, na bila ufadhili angerudi Nairobi akiwa karani yuleyule asiyekuwa na cheti.

Mfumo wa masomo nao ulikuwa mgeni. Maseno ilikuwa imemzoesha utaratibu wa Kiingereza ambamo mtihani mmoja wa mwisho huamua kila kitu. Huku mwanafunzi alipimwa muhula mzima, akakusanya alama kozi baada ya kozi, akatarajiwa kusema darasani na hata kumpinga mwalimu kwa hoja. Sifa ileile iliyomponza Maseno ikawa mtaji wake Honolulu. Sauti yake nzito na Kiingereza chake cha shule za misheni viliwafanya watu wanyamaze kumsikiliza. Makundi mbalimbali yalimwalika aeleze habari za Kenya, nchi ambayo Wamarekani wengi waliijua kwa habari za Mau Mau pekee, na ambayo hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Kufikia mwaka 1960 alikuwa ameandikia gazeti la jijini barua ya kupinga jinsi lilivyoieleza Kongo. Mgeni aliyefika kuuliza njia alikuwa sasa anawasahihisha wenyeji.

Marafiki pia aliwapata. Miongoni mwao alikuwa Neil Abercrombie, mwanafunzi aliyetoka New York na aliyefika Hawaii mwaka uleule, ambaye baadaye alikuwa gavana wa jimbo hilo kuanzia mwaka 2010 hadi 2014. Walikutana kwenye mkahawa wa chuo na katika vyumba vya wenzao, wakajadili ukoloni, uhuru na haki za watu weusi hadi usiku wa manane, bia na muziki wa jazi vikiwa kitoweo cha mazungumzo. Kwa kila kipimo kinachotumiwa na vyuo, kijana wa Kogelo alikuwa ameyazoea mazingira. Alimaliza shahada mwaka 1962, kwa miaka mitatu badala ya minne, akaingizwa katika jumuiya ya heshima ya Phi Beta Kappa inayowatambua wanafunzi bora wa Marekani.

Kilichosalia Nyumbani

Vipimo vya chuo, hata hivyo, havikuhesabu kila kitu. Alipoondoka Nairobi mwaka 1959, Obama alimwacha Kezia akiwa na mtoto mchanga na mimba ya mtoto wa pili, Auma, aliyezaliwa mwaka 1960 baba yake akiwa ng'ambo. Nauli ya kurudi likizoni haikufikirika. Barua zilichukua muda mrefu na fedha za kutuma hazikuwapo. Mzigo ukaangukia jamaa waliobaki.

Aidha, uhuru uliomfaa darasani ulimlegeza nje yake. Katika kiangazi cha mwaka 1960 mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni alikuwa tayari amemwonya kuhusu mienendo yake na wanawake. Muhula uliofuata, katika darasa la Kirusi, alikutana na msichana aitwaye Stanley Ann Dunham. Alimweleza kwamba ametengana na mkewe wa Kenya. Walioana tarehe 2 Februari 1961 katika kisiwa cha Maui, na mwana wao akazaliwa tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Mwaka 1962 Obama alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard, akawaacha mama na mtoto. Mwaka huohuo alimwandikia Mboya kumweleza maendeleo yake ya masomo, na katika barua hiyohiyo akamwomba amsaidie mkewe aliyekuwa Nairobi. Ombi hilo linaonyesha kwamba hakuwa amesahau. Linaonyesha pia kwamba kwa miaka mitatu kukumbuka kulikuwa hakujageuka kuwa tendo la kutosha.

Marejeo

Harvard na idara ya uhamiaji hazikumridhia aendelee kukaa. Mwaka 1964 alirejea Kenya akiwa amekamilisha mitihani ya uzamifu bila kuandika tasnifu. Mwaka 1965 alichapisha katika jarida la East Africa Journal makala ya kuukosoa waraka wa serikali kuhusu ujamaa wa Kiafrika, akihoji ni kina nani waliokuwa wakinufaika na uchumi wa taifa jipya. Ulikuwa ujasiri wa kitaaluma, ila mkahawa wa Honolulu haukuwa Nairobi ya miaka hiyo. Alifanya kazi katika Benki Kuu na katika shirika la kustawisha utalii, akazipoteza nafasi hizo. Tarehe 5 Julai 1969 alizungumza na Mboya barabarani muda mfupi kabla ya Mboya kupigwa risasi, akatoa ushahidi katika kesi iliyofuata. Bila mlezi huyo, ulevi na ukali wa ulimi vilizidi kumharibia. Katikati ya miaka ya 1970 aliajiriwa tena, katika Wizara ya Fedha. Mwana wake wa Honolulu alimwona mara moja tu akiwa na fahamu zake, kwa takriban mwezi mmoja kuanzia Desemba 1971. Tarehe 24 Novemba 1982 alifariki katika ajali ya gari jijini Nairobi, akazikwa Nyang'oma Kogelo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Hitimisho

Mnamo Novemba 2008 Kisumu na Kogelo zilipofurika shangwe kwa ushindi wa mwanawe, wengi waliisifu elimu iliyomvusha karani huyo bahari. Sifa hiyo ni ya haki. Kusoma kwa posta usiku, kuingia peke yake katika chuo asichomjua mtu, na kufaulu ilhali fedha zinahesabika kwa mihula, si kazi ya mtu dhaifu. Lakini maisha yake yanaonyesha kwamba mwanafunzi huzoea mambo mawili kwa wakati mmoja anapoingia chuoni: huzoea mahali alipofika, na huzoea kutokuwapo mahali alipotoka. La kwanza hupimwa kwa mitihani, na Obama alilipita kwa heshima. La pili halina msimamizi wala karatasi ya alama. Huanza kimyakimya, kwa barua moja inayocheleweshwa katika muhula wa kwanza, na walioachwa nyumbani ndio wanaojua matokeo yake kabla ya mwanafunzi mwenyewe.