Si Mpira Uliomuua Bob Marley

Mtu akitaja rege hapa shuleni, jina la kwanza kusikika ni Bob Marley. Picha yake tunaiona kwenye matatu, kwenye fulana na hata kwenye majalada ya madaftari. Lakini ukiuliza alikufa vipi, utajibiwa harakaharaka ati alikanyagwa kidole akicheza mpira, basi akafa. Mimi nimesoma habari za maisha yake, nikaona kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli, tena nusu yenye hatari. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile, wilaya ya St Ann, nchini Jamaika. Mama yake, Cedella, alikuwa msichana mweusi wa hapo kijijini. Baba yake, Norval Marley, alikuwa Mzungu aliyemzidi mama kwa umri sana, na hakukaa nao. Bob alipokuwa bado mvulana, yeye na mama yake walihamia Kingston, wakaishi Trench Town, mtaa wa watu maskini. Shule aliiacha mapema akajifunza kazi ya kuchomelea vyuma. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye muziki. Mwaka 1963 yeye na rafiki zake Peter Tosh na Bunny Livingston walianzisha kikundi cha Wailers. Mwaka 1966 alimwoa Rita. Baadaye akashika imani ya Urastafari, na kuanzia mwaka 1973 nyimbo zake zikaanza kuvuma duniani.

Sifa nayo ina maadui. Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye bunduki walivamia nyumba yake Kingston. Yeye, mkewe na meneja wake walipigwa risasi, lakini hakuna aliyekufa. Siku mbili baadaye Bob alipanda jukwaani akaimba mbele ya maelfu ya watu! Kisha akahama nchi, akaenda kukaa London. Kumbe mtu aliyeponyoka risasi alikuwa na adui mwingine, mdogo na mkimya, chini ya ukucha wake.

Bob alipenda kandanda kupita kiasi. Popote alipokwenda kuimba, mpira ulikuwamo safarini. Mwaka 1977, akiwa mjini Paris, aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia, kidole ambacho kilikuwa kimewahi kuumia hapo awali. Yeye aliendelea kuimba na kuchezacheza jukwaani, lakini kidonda kilikataa kupona. Mwishowe madaktari walichukua kipande kidogo cha nyama ya kidole hicho wakakipima. Mwezi Julai mwaka huo jibu likatoka: melanoma, yaani kansa ya zile chembechembe zinazoipa ngozi rangi.

Hapo ndipo nataka tuelewane vizuri, wenzangu. Pigo moja la mpira halizai kansa. Lililofanya ni kukifanya kidole kiangaliwe. Watu wengi wanajua melanoma kama ugonjwa wa Wazungu waliochomwa na jua, lakini aina hii haitokani na jua. Hukua kwenye nyayo, viganja vya mikono na chini ya kucha. Ni nadra, lakini kwa watu weusi wanaopata melanoma, hii ndiyo inayoonekana zaidi.

Madaktari walimshauri Bob akubali kidole kikatwe. Alikataa, kwani katika imani yake mwili haukatwi. Badala yake, huko Miami, ukucha na nyama iliyokuwa chini yake viliondolewa, kisha ngozi kutoka pajani ikapandikizwa mahali pale. Kwa macho, kidole kilipona. Akarudi kazini kwa nguvu. Tarehe 22 Aprili 1978, huko Kingston, aliwapandisha jukwaani viongozi wawili mahasimu, Michael Manley na Edward Seaga, akawashikanisha mikono. Mwaka huohuo alikanyaga Afrika kwa mara ya kwanza, akipitia hapa kwetu Kenya kisha Ethiopia. Mwezi Aprili 1980 aliimba Zimbabwe ilipopata uhuru.

Lakini kansa ilikuwa imekwisha kutambaa. Mwezi Septemba 1980 alianguka akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York. Ikagunduliwa kwamba ugonjwa umefika kwenye ubongo. Hata hivyo, tarehe 23 Septemba aliimba mjini Pittsburgh, na hiyo ikawa mara yake ya mwisho jukwaani. Alipelekwa Ujerumani kutibiwa na Daktari Josef Issels, akakaa huko miezi kadhaa, mwili umekonda, rasta zake zimemtoka. Tumaini lilipokwisha alianza safari ya kurudi kwao, lakini hakufika. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36 tu, na kuzikwa Nine Mile alikozaliwa.

Je, kidole kingekatwa angepona? Hakuna awezaye kuapa, na mimi simhukumu. Ninalojua ni kwamba ugonjwa huu hupimwa kwa kina ulichozama. Ukiwahiwa ukiwa juujuu, mara nyingine kidole chenyewe huokolewa. Ukichelewa, hata dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili, zilizoanza kutumika mwaka 2011, huenda zisitoshe.

Sasa turudi uwanjani kwetu. Nani kati yetu wachezaji hajapata ukucha mweusi? Msiogope bure. Damu iliyovilia husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, mpaka ikaisha. Tena watu weusi wengi wana mistari myeusi kwenye kucha kadhaa na hawana ugonjwa wowote. Cha kuangalia ni mstari mpya kwenye ukucha mmoja, hasa wa kidole gumba, unaozidi kupanuka. Weusi unaovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi. Au ukucha unaopasuka na kutoa damu bila kupona. Ukiona hivyo usifiche ndani ya soksi, wala usichokoe kwa wembe. Mwambie nesi au mzazi, uende hospitali, na usione haya kuuliza kama kipande kinafaa kupimwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tucheze mpira kwa raha zetu, lakini jioni tukivua viatu, tuangalie na kucha.